Sura ya 5: Je, Baridi Ikifika Mwisho, Kila Kitu Husimama?

Anayeuza samaki Itungi au Matema hahitaji kufundishwa kazi ya barafu. Samaki aliyevuliwa alfajiri akiachwa juani, ikifika saa sita mchana macho yameshafifia na tumbo limelegea. Mwenzake aliyefunikwa barafu anafika Tukuyu au Mbeya akiwa bado mzima. Ndiyo maana swali moja huulizwa mara kwa mara na wavuvi, wanafunzi na hata walimu wa sayansi: kama baridi kidogo inachelewesha kuoza, baridi nyingi itafanyaje? Tukipooza na kuzidi kupooza mpaka baridi ifike mwisho wake, je, kila kitu kitasimama?

Ndani ya swali hilo yamo maswali mawili. La kwanza: je, baridi ina mwisho? Jibu lake ni fupi: ndiyo, inao. La pili: vitu vinapokaribia mwisho huo, je, chembe zake huacha kugongana na kubadilika? Hili liliwashughulisha wanasayansi kwa miaka mingi, na jibu walilolipata ni kwamba haziachi. Tena ni katika baridi hiyo kali ndipo binadamu alipoweza, kwa mara ya kwanza, kuzikuta molekuli katikati ya kubadilika kwake, na kuziamulia zibadilike au zisibadilike.

Joto ni mwendo

Vitu vyote vimeundwa kwa atomu, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Atomu mbili au zaidi zikishikana, tunapata molekuli. Molekuli ya maji ina atomu mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni molekuli za nitrojeni, kila moja ikiwa na atomu mbili.

Molekuli hazitulii. Hewani zinaruka huku na huko, zinagongana, zinabadili uelekeo na kugongana tena. Mwendo huo ndio tunaouhisi kama joto. Mchana wa nyuzi 30 za Selsiasi pale Kyela mjini, molekuli ya nitrojeni huenda kwa wastani wa mita 480 hivi kwa sekunde, kasi iliyo kubwa kuliko ya sauti. Hata hivyo haifiki mbali, kwa sababu kila sekunde inagongana na nyingine mara bilioni kadhaa.

Baridi, basi, ni upungufu wa mwendo huo. Barafu inapompooza samaki, inamwondolea joto, na molekuli zake zinapunguza kasi.

Sasa panda kutoka Kyela, iliyo karibu na usawa wa ziwa wa mita 475 hivi juu ya bahari, upite Tukuyu na kuendelea hadi uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha takriban mita 2,600. Asubuhi ya Juni au Julai unaweza kukuta nyasi za Kitulo zina jalidi, yaani umande ulioganda. Meno yanagongana, mikono imekufa ganzi. Lakini molekuli za hewa ya hapo zimepunguza mwendo kwa asilimia 5 tu hivi ukilinganisha na zile za Kyela. Baridi tunayoijua sisi ni mwanzo tu wa safari.

Mwisho wa safari hiyo uko kwenye nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Wanasayansi wanapaita sifuri halisi: mahali ambapo hakuna tena joto la kuondoa. Kuanzia hapo wanahesabu kwa kipimo kiitwacho kelvini, ambacho hatua zake ni sawa na zile za Selsiasi ila kinaanzia kwenye sifuri halisi. Kwa kipimo hicho, ngazi za baridi zinakwenda hivi:

- Mchana wa joto Kyela: kelvini 303
- Maji ya kina kirefu ya Ziwa Nyasa: takriban kelvini 296
- Barafu inapoyeyuka: kelvini 273
- Nitrojeni ya kimiminika, inayotumika kuhifadhi mbegu za ng'ombe kwa ajili ya uhimilishaji: kelvini 77
- Heliamu inapogeuka kimiminika: kelvini 4.2
- Anga tupu kati ya nyota: kelvini 2.7
- Molekuli za maabara tutakazozisimulia: kelvini 0.0000005

Namba hiyo ya mwisho ni nusu ya sehemu moja ya milioni ya kelvini. Kwa kuwa sifuri zake zinachosha, wanasayansi hutumia nanokelvini, yaani sehemu moja ya bilioni ya kelvini. Hivyo molekuli hizo ziko kwenye nanokelvini 500. Sifuri yenyewe haifikiki. Kila hatua ya kuikaribia inadai kazi kubwa kuliko iliyotangulia. Lakini binadamu ameisogelea mno, kuliko anga lenyewe lilivyoisogelea.

*Kwa ufupi: joto ni mwendo wa chembe, baridi ni mwendo huo kupungua, mwisho wa baridi ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi.*

Mgongano unaogeuza kitu kuwa kingine

Kakao nyingi ya Tanzania hutoka Kyela, na mkulima wa kakao huiona kemia kila msimu. Akipasua maganda, anatoa mbegu zenye utandotando mweupe mtamu, anazirundika kwenye sanduku la mbao au kuzifunika kwa majani ya migomba, kisha anazigeuza kila baada ya siku moja au mbili. Ukizamisha mkono katikati ya rundo siku ya tatu, unautoa upesi: joto linaweza kufika nyuzi 45 na kuzidi. Harufu ya pombe imegeuka kuwa ya siki. Sukari imekuwa kileo, kileo kimekuwa asidi, na ndani ya mbegu vimeanza kuundwa viambata vitakavyoleta ladha ya chokoleti.

Kugeuka huko kunaitwa mmenyuko wa kemikali: molekuli zinakutana, atomu zake zinaachana na zile zilizoshikana nazo, zinashikana na nyingine, na kitu kipya kinatokea. Bila kukutana hakuna mmenyuko. Lakini kukutana peke yake hakutoshi. Katika mimenyuko mingi ipo nishati ya chini kabisa ambayo molekuli lazima ziwe nayo zinapogongana ili vifungo vya zamani vikatike. Tuiite kizingiti. Zikigongana kwa nguvu ndogo, zinadundana na kuachana kama zilivyokuwa.

Mwaka 1889 mwanasayansi wa Uswidi, Svante Arrhenius, alieleza kwa hesabu jinsi joto linavyoamua ni molekuli ngapi zitavuka kizingiti. Kutokana na hesabu hiyo, wanakemia wana kanuni ya kukadiria: mimenyuko mingi ya kawaida huongezeka kasi karibu mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10. Ndiyo maana rundo la kakao lililopoa haliivi vizuri, na samaki wa juani anaharibika upesi kuliko wa kivulini.

Ukifuata hesabu hiyo kurudi nyuma, inakupeleka kwenye hukumu moja. Kila nyuzi 10 unazopunguza, mimenyuko inazidi kuwa michache. Ukikaribia sifuri halisi, hakuna molekuli yenye nguvu ya kuvuka kizingiti chochote, na kemia yote inakufa.

Kwa samaki wetu hukumu hiyo iko karibu na ukweli. Kuoza kunahitaji bakteria walio hai, maji ya kimiminika na mimenyuko mingi yenye vizingiti. Kwenye friza la kawaida bakteria wanasimama, ingawa mafuta ya samaki yanaendelea kuchacha polepole kwa kuungana na oksijeni, na ndiyo maana samaki mwenye mafuta aliyekaa miezi mingi hubadilika ladha. Ukishuka zaidi, hata kuchacha huko kunakoma. Lakini tusichukue habari za samaki tukazifanya sheria ya vitu vyote. Ipo mimenyuko isiyo na kizingiti kabisa, na ili kuijua ilibidi kwanza watu wajifunze kupooza vitu kuliko friza lolote linavyoweza.

Mtungi wa Wakisi ndani ya maabara

Njia ya kufika huko inaanza na jambo linalofahamika vizuri ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wakisi, wanaoishi Ikombe na vijiji vingine chini ya milima ya Livingstone, ni wafinyanzi wenye sifa. Wanawake wao hufinyanga vyungu na mitungi, na siku ya Jumamosi soko la Lyulilo, karibu na Matema, hujaa vyombo hivyo vikisubiri wanunuzi.

Chukua mtungi usiopakwa rangi ya kuziba, ujaze maji, uweke kivulini penye upepo. Baada ya muda upapase ubavuni: kiganja kinatoka na unyevu. Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi una vinyweleo, na maji yanapenya taratibu mpaka nje. Huko nje molekuli za maji haziko sawa kwa kasi. Zipo za pole na zipo za mbio. Zile za mbio ndizo zinazochomoka na kupotelea hewani, na kila moja inaondoka na nishati iliyozidi fungu lake. Zinazobaki zinagongana, zinagawana upya nishati iliyosalia, na wastani wa mwendo wao unashuka. Maji yanapoa bila umeme. Wakati wa masika Kyela, hewa ikiwa imejaa unyevu, mtungi haupoozi sana kwa sababu molekuli zinazoondoka hufuatwa na nyingine zinazorudi.

Wanafizikia hutumia kanuni hiyohiyo. Kwanza wanapunguza kasi ya atomu kwa leza, yaani mwanga wa rangi moja ulionyooka. Mwanga una msukumo mdogo sana, lakini leza ikiwekwa kwenye rangi inayofaa, atomu inayoiendea ndiyo inayoupokea zaidi ule mwanga, na hivyo inarudishwa nyuma kila mara, kama mtumbwi unaokabili upepo wa mwera. Kwa kazi ya kubuni na kueleza njia hiyo, Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Leza peke yake haifikishi mwisho. Basi atomu zilizopozwa zinashikiliwa katikati ya chombo kisicho na hewa, kwa sumaku au kwa mwanga, bila kugusa ukuta wowote. Kisha wanasayansi wanalegeza kidogo ukingo wa mtego huo ili atomu za mbio zitoke. Zinazobaki zinagongana, zinagawana nishati, zinapoa. Ukingo unalegezwa tena. Hapo migongano ndiyo inayofanya kazi: atomu zisipogongana, nishati haigawanywi na kupoa kunakoma.

Kwa njia hiyo, mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman, kwenye taasisi ya JILA huko Boulder, Colorado, nchini Marekani, walizifikisha atomu za rubidiamu kwenye nanokelvini 170. Atomu takriban 2,000 zilizosalia zikaanza kwenda pamoja kama kitu kimoja, jambo lililotabiriwa miaka 70 nyuma kutokana na kazi ya Mhindi Satyendra Nath Bose na Albert Einstein.

Mbona hazigandi?

Msomaji makini atauliza: kitu kilichopozwa hivyo kinawezaje kubaki wingu la gesi badala ya kuwa jiwe?

Sababu ni uchache. Wingu hilo ni jepesi kuliko hewa ya Kyela mara mamilioni. Ili chembe mbili zishikane na kubaki zimeshikana, mara nyingi inahitajika ya tatu iwepo palepale ichukue nishati inayobaki. Katika wingu jepesi namna hiyo, kukutana tatu kwa wakati mmoja ni nadra. Gesi inabaki gesi kwa muda wa sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha kufanya jaribio.

Kutoka atomu kwenda molekuli

Atomu ni rahisi kuipooza kuliko molekuli. Atomu inaenda tu. Molekuli inaenda, inazunguka na kutikisika, na kila mzunguko na kila mtikisiko unaweza kuficha nishati. Kwa hiyo timu ya Deborah Jin na Jun Ye pale JILA ilichagua kuzunguka tatizo: kupooza atomu kwanza, halafu kuziunganisha zikiwa tayari baridi.

Walifanya hivi:

1. Walipooza atomu za potasiamu na za rubidiamu pamoja katika mtego mmoja.
2. Walibadilisha taratibu nguvu ya sumaku mpaka potasiamu moja na rubidiamu moja zikashikana kwa ulegevu.
3. Walitumia leza mbili kwa mpangilio kuiondolea molekuli hiyo nishati ya mtikisiko, bila kuipasha joto, mpaka ikatulia kwenye hali yake ya chini kabisa.

Mwaka 2008 walitangaza kwamba wamepata makumi ya maelfu ya molekuli hizo kwenye mamia machache ya nanokelvini. Kwa baridi hiyo molekuli inatambaa kwa kasi isiyofika sentimita 1 kwa sekunde. Linganisha na mita 480 za nitrojeni ya mchana wa Kyela.

Kisha likaja jambo lililojibu swali la sura hii. Molekuli zilianza kupungua ndani ya mtego. Hazikutoroka. Zilikuwa zinakutana mbili mbili na kubadilishana atomu: potasiamu ilikwenda na potasiamu, rubidiamu na rubidiamu, na bidhaa hizo mpya zikaruka nje kwa nishati iliyofunguliwa na mmenyuko. Ripoti ya mwaka 2010 ilithibitisha: huu ulikuwa mmenyuko wa kemikali chini ya sehemu moja ya milioni ya kelvini, na ulikwenda kwa kasi. Walipochanganya molekuli hizo na atomu za potasiamu, mmenyuko ulitokea. Walipochanganya na atomu za rubidiamu haukutokea, kwa sababu mmenyuko huo ungedai nishati kutoka nje, na nishati hiyo haikuwepo. Hesabu za nishati zilikubaliana na matokeo hayo.

*Kwa ufupi: baridi kali inazima mimenyuko inayodai nishati, lakini haizimi ile isiyo na kizingiti.*

Kwa nini kemia haifi?

Mambo matatu yanaeleza.

Kwanza, kukosekana kwa kizingiti. Molekuli mbili za potasiamu na rubidiamu zikisogeleana vya kutosha, njia ya kubadilishana atomu iko wazi. Hazihitaji mbio.

Pili, mvutano wa mbali. Molekuli zote huvutana kidogo hata zikiwa mbali. Kwenye joto la Kyela zinapitana haraka mno kiasi kwamba mvuto huo hauna muda wa kuzigeuza njia. Zikitambaa, mvuto huo mdogo unatosha kuzikutanisha.

Tatu, kila chembe ina tabia ya wimbi. Hili ndilo geni kuliko yote, na ndilo msingi wa fizikia ya kwanta, elimu ya tabia za vitu vidogo sana. Mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie alipendekeza kwamba kila chembe ina wimbi, na kwamba mwendo ukipungua wimbi linarefuka. Kwenye joto la kawaida, wimbi la molekuli tuliyoitaja ni fupi kuliko atomu moja, kwa hiyo molekuli inaonekana kama kitu kigumu kinachogonga na kudunda. Kwenye nanokelvini 500, wimbi hilo linakuwa kubwa kuliko molekuli yenyewe mara mamia. Hatuwezi tena kusema molekuli mbili "zimegusana hapa". Mawimbi yao yanaingiliana, na sheria za mawimbi ndizo zinazoamua kama mmenyuko utatokea.

Mojawapo ya sheria hizo ni ya ajabu. Molekuli zilizotumika JILA ni za kundi liitwalo fermioni. Fermioni mbili zinazofanana kwa kila hali haziwezi kukaa mahali pamoja. Kwa hiyo molekuli zote zilipokuwa katika hali moja, zilizuiwa kukutana uso kwa uso na mmenyuko ukawa wa polepole. Watafiti wakageuza hali ya viini vya atomu katika nusu ya molekuli, badiliko dogo lisilogusa umbo, uzito wala joto. Sasa zilikuwa za aina mbili, zuio likaondoka, na mmenyuko ukaongezeka kasi makumi ya mara.

Fikiria maana yake. Mkulima wa kakao anaongoza mimenyuko kwa kufunika, kufunua na kugeuza rundo, na anafanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Lakini ndani ya rundo, mabilioni ya mabilioni ya molekuli yanagongana kila moja kwa kasi yake na pembe yake, na tunachokiona ni wastani wao. Kwenye baridi kali ghasia hiyo imeondoka. Molekuli zote zinaanza katika hali moja inayojulikana, na badiliko la kiini kimoja linaonekana wazi katika matokeo.

Kuzikuta katikati ya tendo

Kang-Kuen Ni, aliyekuwa mwanafunzi katika timu ya JILA, baadaye alianzisha maabara yake Chuo Kikuu cha Harvard. Timu yake ilitaka kuona kitu ambacho wanakemia walikijua kwa hesabu tu: hali ya katikati, pale molekuli mbili zimeshaungana kuwa kundi la atomu nne, kabla hazijaachana kuwa bidhaa mpya.

Katika mmenyuko wa kawaida, hali ya katikati ya namna hiyo hudumu sehemu za trilioni za sekunde. Lakini kwenye nanokelvini 500 kundi hilo la atomu nne lina njia chache za kuachana, kwa hiyo linachelewa. Linadumu kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde, muda mfupi kwetu lakini mara mamia ya maelfu ya ule wa kawaida. Mwaka 2019 timu ya Harvard ilipiga kundi hilo kwa leza, ikaling'oa elektroni, ikalivuta kwa umeme hadi kwenye kipimo cha uzito, na uzito uliosomeka ulikuwa wa atomu nne: potasiamu mbili na rubidiamu mbili.

Mwaka 2021 waliendelea mbele. Walihesabu hali ambazo molekuli mbili mpya zinaweza kuzaliwa nazo, yaani jinsi zinavyogawana mzunguko na nishati, wakapata jozi 57 zinazowezekana, na wakapima kila jozi inatokea mara ngapi. Kwa mmenyuko wa kemikali, hiyo ni hesabu iliyokaribia ukamilifu.

Kuzuia mgongano

Kujua mgongano kunasaidia pia kuuzuia. Molekuli nyingi zina upande mmoja wenye chaji chanya kidogo na mwingine hasi kidogo. Zikikutana chanya kwa hasi, zinavutana. Zikikaa sambamba zikitazama upande mmoja, zinasukumana. Ukiweza kuamua zinavyokaa, umeamua kama zitakutana.

Sebastian Will na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitumia mawimbi ya maikrowevu, ya jamii ileile inayopasha chakula jikoni. Mawimbi hayo yalizizungusha molekuli za sodiamu na sesiamu kwa namna ambayo kila moja iliisukuma mwenzake kabla hazijakaribiana mno. Migongano ya kuharibu ikazuiwa, ile ya kugawana nishati ikabaki, na kanuni ya mtungi ikaweza kufanya kazi. Mwaka 2024 walitangaza kufika nanokelvini 5, ambapo molekuli hizo ziliungana mwendo kama atomu za mwaka 1995, na zikadumu hivyo kwa takriban sekunde 2.

*Kwa ufupi: baridi kali imewapa wanasayansi uwezo wa kuona hatua za mmenyuko, kuuharakisha na kuuzuia.*

Faida yake ni nini?

Kuna faida zilizokwisha kuonekana na zinazotafutwa.

- Saa. Saa sahihi kuliko zote duniani hutumia atomu zilizopozwa kwa leza. Saa ya strontiamu ya timu ya Jun Ye, iliyoripotiwa mwaka 2015, isingepoteza wala kuongeza sekunde moja kwa miaka bilioni 15.
- Kuelewa vitu vigumu. Molekuli baridi zinaweza kupangwa na kuamriwa ziigize tabia ya elektroni ndani ya metali, jambo ambalo kompyuta za leo zinashindwa kulihesabu lote.
- Kupima sheria za ulimwengu. Molekuli iliyotulia ni mizani nyeti. Kwa kuichunguza, watafiti wanatafuta dalili za nguvu ambazo bado hazijagunduliwa.
- Kemia ya kuchagua. Mmenyuko ukijulikana hatua kwa hatua, mtu anaweza kujifunza kuuelekeza upate bidhaa moja badala ya nyingine.

Hakuna hata moja kati ya haya litakaloshusha bei ya barafu Matema kesho. Lakini walioanza kuchunguza mwanga na sumaku karne mbili zilizopita nao hawakuahidi simu wala umeme.

Swali la Mtanzania katika baridi kali

Katika elimu hii limo jina la Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Siku moja Mpemba, akihofia kukosa nafasi, aliweka yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne aliyekuja kuzungumza na wanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, akalijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu maji yenyewe: wengine wamerudia na kuliona, wengine hawakuliona. Lakini wazo kwamba kilicho mbali zaidi na utulivu kinaweza kuufikia mapema limekua na kuvuka maji. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliripoti jambo la jamii hiyo katika mstari wa atomu 12 za kalsiamu zilizopozwa kwa leza, na katika makala yao wakaliita kwa jina la Mpemba.

Kwa hiyo swali la muuza samaki wa Itungi lina jibu sasa. Baridi ina mwisho, lakini mwisho huo si kifo cha kemia. Mimenyuko inayodai nguvu inazimika, isiyodai inaendelea, na yote inatii sheria ambazo joto lilikuwa limezificha. Sheria hizo zimepatikana kwa sababu mtu aliuliza na hakukubali kunyamazishwa. Mwalimu unayesoma sura hii ukiwa Kyela, Ipinda au kwingineko, mwanafunzi wako akija na swali linalopingana na kitabu, usimwambie amechanganyikiwa. Mpe vikombe viwili, kipimajoto na saa, umwache apime.